Kopo Tulilolisoma Tukiwa Tumeshaliuza



Wiki hii tuliahidi kuonyesha mshono wa mikono ya puto. Mtatusamehe, utasubiri. Kwenye kabati letu la bitana kuna makopo 16 ambayo hatuyauzi, hatuyatumii, na aliyetuletea hataki kuyarudisha. Tunataka kuyasema sasa, kabla haya hazijatuzidi tukanyamaza kama wengi wanavyonyamaza.

Mwishoni mwa Rajab alitujia dada mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, anayeleta mizigo kutoka Dubai. Safari hii hakuleta vitambaa. Alileta kopo jeupe lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, picha ya komamanga mbele, na neno antioksidanti kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa. Alitueleza kwamba linasafisha damu, linatoa sumu, linang'arisha ngozi, linarudisha ujana, na halina madhara kwa kuwa ni la asili. Sisi 40,000, mteja 60,000. Idi inakuja, kila mwanamke anataka kung'aa. Tulichukua makopo 20, yaani laki nane taslimu, pesa iliyokuwa ya zipu na bitana za mwezi mzima. Tukayapanga juu ya meza ya kukatia, tukayabandika stika za bei, tukayapiga picha ya stetasi. Siku tatu, manne yakauzika.

Aliyetustua ni binti tunayemfundisha kushona. Alikuwa hana kazi, kalishika kopo analigeuzageuza, akasema, "Dada, hapa wameandika vitatu kwa siku. Mbona wateja mnawaambia kimoja?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema kimoja kwa sababu tuliambiwa kimoja.

Kwa mafundi hii ni aibu kubwa. Mtu akituletea jora limepigwa mhuri kwamba ni pamba tupu, hatumwamini. Tunachomoa uzi mmoja pembeni tunauchoma. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka, inanuka plastiki, inakuwa kijidonge kigumu. Tunafanya hivyo kwa kitambaa ambacho kikituhadaa, hasara yake ni mtu kutokwa jasho harusini. Na kitu kinachoingia tumboni tulikipokea kwa maneno ya mdomo.

Basi tukakaa chini, sisi na shemeji yetu ambaye ni mfamasia, tukaisoma lebo mstari kwa mstari.

Kwanza kipimo. Kile kisanduku cha nyuma huanza kwa kueleza kipimo cha mara moja ni kapsuli ngapi, na namba zote zinazofuata ni za kipimo hicho, si za kapsuli moja. Kopo letu lina kapsuli 60 na kipimo ni tatu, kwa hiyo ni la siku 20. Tuliambiwa ni la miezi miwili. Anayetaka kulifuata kama lilivyoandikwa atatumia 90,000 kwa mwezi. Sisi tunaojua hesabu ya mita na doti tulishindwa kugawa 60 kwa tatu, kwa kuwa hatukutazama.

Pili, safu ya asilimia. Hiyo inaonyesha kipimo kimoja kinachukua kiasi gani cha mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Vitamini C ilikuwa asilimia 1,111, nayo ni miligramu 1,000. Ziada ya vitamini C mwili huitoa kwenye mkojo, ingawa anayezidisha sana anaweza kupata kuhara, na wengine mawe ya figo. Lakini vitamini A ilikuwa asilimia 333. Hebu tuisome kifundi. Gauni linataka mita tatu, wewe umenunua kumi. Kitambaa kilichobaki utakikunja ukiweke kabatini. Vitamini A mwili nao huiweka kabatini, na kabati lake ni ini. Haimwagwi kama C. Inakaa, na ya kesho inaongezwa juu yake.

Tena si kila vitamini A ni moja. Ile ya papai, embe, boga, mchicha na viazi vitamu vya rangi ya njano ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kwa kadiri unavyohitaji. Ile ya maini, na ya vidonge vingi, ni retinoli, tayari imeshatengenezwa. Mtaitambuaje? Kwenye lebo tazameni mbele ya jina la vitamini A au chini yake. Likiwepo neno linaloanza na herufi R-E-T-I-N, ni hiyo. Kopo letu lilikuwa nalo: yuniti 10,000 kwa siku, sawa na mikrogramu 3,000. Huo ndio mpaka wa juu kabisa uliowekwa kwa mtu mzima kwa siku, na kopo linaufikia peke yake kabla hujala kitu. Retinoli ikizidi katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto wakati viungo vyake vinaumbwa. Uingereza wajawazito huambiwa waepuke virutubisho vyenye retinoli na hata maini.

Hapo binti akauliza mbona watoto wetu hupewa vitamini A ya yuniti laki moja au laki mbili kliniki. Swali zuri. Wao hupewa mara moja kila miezi sita, kwa umri maalumu, na mhudumu anayeandika kwenye kadi. Si kila siku asubuhi kwa maneno ya fundi cherehani.

Kisha tukatafuta onyo. Lazima lipo, alisema shemeji, makopo mengi yanalo. Tukageuza kulia, kushoto, halioni mtu. Tukabandua stika ya bei, ile tuliyoibandika kwa mikono yetu wenyewe. Chini yake kulikuwa na mstari mdogo: mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa amuone daktari kwanza.

Tulikaa kimya. Ndipo tukachukua simu.

Wateja wetu wanne tuliwapigia mmoja mmoja. Wa kwanza alicheka akasema alimpa mama mkwe. Tukamuuliza mama mkwe ana dawa za kila siku? Anazo, za kuzuia damu kuganda. Vitamini E nyingi, na kopo lina yuniti 400, inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mtu wa dawa hizo. Alhamdulillah, mama mkwe alikuwa hajalifungua, kwa sababu hapendi vitu vya mkwe wake. Mungu humlinda mtu kwa njia nyingi. Wa pili na wa tatu walikuwa wazima na walimeza kimoja kimoja kama tulivyowaambia.

Wa nne alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, na kama mtu ana mimba?"

Huyu ni binti tuliyemshonea nguo za harusi, mwaka wa tatu huu yupo ndoani, na sote tunajua alivyokuwa akiomba. Mimba ilikuwa changa, hata wiki nane haijafika, na wajuao walikuwa mumewe na mama yake tu. Yeye anasoma Kiingereza vizuri. Hakutusikiliza sisi, alifuata lile kopo lilivyosema, akameza tatu kila siku kwa siku tisa. Na stika ilikuwa palepale.

Dada zetu, hapa ndipo tunapotaka mtusikilize hata kama mengine mtayasahau. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Tunaogopa jicho, tunaogopa hasadi, tunaogopa kutangaza kisha ikaharibika watu wakauliza. Ni desturi yetu na hatuna ugomvi nayo. Lakini miezi tunayoificha ndiyo hiyo hiyo ambayo retinoli ni ya kuogopwa zaidi. Muuzaji hawezi kujua kwa kutazama, na ukimuuliza mteja mbele ya watu dukani, "Una mimba?" atakuambia hapana hata kama anayo, tena atakuona huna adabu. Tangu siku ile, mtu akitutajia vidonge vyovyote, vyetu au vya mwingine, tunasema hivi: "Hivi havimfai mwenye mimba, anayeitafuta, anayenyonyesha, wala mwenye dawa za kila siku mpaka daktari aseme. Usituambie kitu, jijibu mwenyewe." Wanaouza mitandaoni nao wanaweza kuliandika hilo chini ya picha. Halichukui nafasi kuliko vile vimaua na nyota wanazoweka.

Siku ya pili tulikwenda naye hospitali, kopo mkononi. Kopo lenyewe, si picha yake na si jina tu, maana daktari alitaka kuona namba. Alimwambia aache siku hiyo hiyo, asile maini, aendelee na vidonge vya foliki na chuma anavyopewa kliniki, na asipaniki, kwa kuwa siku ni chache na kipimo kimegusa mpaka bila kuuvuka mbali. Aliandika kila kitu kwenye kadi.

Sasa turudi kwenye lile neno kubwa la mbele, maana ndilo lililotuuzia. Antioksidanti. Tulidhani ni kitu kizuri tu, kwamba kikiwa kingi ni bora zaidi. Shemeji akatueleza habari ya Finland. Huko walichukua wanaume wavuta sigara 29,133, baadhi wakapewa beta-karotini miligramu 20 kila siku kwa miaka, kwa matumaini kwamba itawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitolewa 1994: waliopewa walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Marekani wakajaribu kwa watu zaidi ya 18,000, wavuta sigara na waliofanya kazi na asbesto, wakalazimika kusimamisha mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Na vitamini E ya yuniti 400, kiasi kile kile cha kopo letu, iliwapa wanaume saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi katika utafiti mkubwa uliotangazwa 2011. Mume wako anayevuta sigara usimpe kwa mapenzi kitu kitakachomwongezea. Sahani ya mchicha haina shida. Tunasema vidonge, vipimo vikubwa, kila siku.

Kopo letu pia lilijisifu kwa namba ya ORAC, maelfu kadhaa. ORAC ni kipimo cha maabara cha nguvu ya antioksidanti ndani ya kijaribio, si ndani ya mwili wa mtu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula na namba hizo, ikaiondoa mwaka 2012 kwa kuona makampuni yanaitumia kuuzia bidhaa wakati namba haithibitishi faida yoyote mwilini. Na mnajua nini kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa kwenye orodha ile? Karafuu. Ndiyo, karafuu yetu. Kama namba ile ingekuwa dawa, Wapemba wasingezeeka. Bibi zetu waliichuma maisha yao yote, wakaitia kwenye pilau na chai, na mikunjo ya uso walikuwa nayo kama watu wengine, tena iliwapendeza.

Kuhusu weupe tuseme wazi, kwa sababu wengi waliouliza lile kopo hawakutaka antioksidanti, walitaka glutathioni iliyomo ndani. Glutathioni mwili unaitengeneza wenyewe, na ukiimeza sehemu kubwa huvunjwavunjwa tumboni kama chakula kingine. Majaribio ya kung'arisha ngozi kwa vidonge ni machache, ya watu wachache na ya muda mfupi. Za sindano ndizo mbaya zaidi. Ufilipino, nchi inayozitumia sana, mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa tahadhari mwaka 2011 kwamba sindano hizo zinaweza kudhuru ini, figo na mishipa ya fahamu. Kwenye kopo letu hata kiasi chake hatukukijua. Iliandikwa ndani ya mchanganyiko maalumu wa miligramu 1,500 pamoja na vitu vingine saba, bila kusema kila kimoja kiasi gani. Fundi akikuambia nguo yako ina kitambaa cha aina nane na hasemi kipi kiasi gani, ujue cha bei ghali ni kiraka kimoja kwenye kola.

Jambo la ganda la kapsuli. Lebo ilisema gelatini, basi. Gelatini inaweza kuwa ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe, na bila ya maelezo huwezi kujua. Zipo kapsuli za mimea na lebo zake husema hivyo. Wateja wetu walituuliza kuhusu nguruwe mara tatu, na waliuliza haki yao. Kuhusu mimba na dawa hakuuliza mtu, wala sisi hatukusema. Alama ya halali inakuambia kitu kimetoka wapi na kimetengenezwaje. Haikuambii kama kipimo chake kinakufaa wewe.

Lilikuwepo pia neno FDA pamoja na bendera ndogo ya Marekani, na hilo lilitupa imani kubwa. Tumejifunza kwamba kwa sheria yao ya 1994, virutubisho vya aina hii haviombi kibali cha usalama kabla ya kuuzwa. Kiwanda kujiandikisha FDA si sawa na FDA kuikubali bidhaa, na kwa maandishi madogo kopo lenyewe lilikiri kwamba madai yake hayajapimwa na mamlaka hiyo. Hata namba za lebo zinaweza kukosewa. Mwaka 2008 huko huko Marekani kirutubisho kimoja cha maji kiliandikwa kina seleniamu mikrogramu 200, kumbe kilikuwa na 40,800. Watu 201 waliugua. Walinyonyoka nywele na kucha zikaharibika, nao walikinunua kwa ajili ya afya. Ndiyo maana jina la mtengenezaji, anwani yake, namba ya toleo na tarehe ya kwisha si mapambo: likitokea la kutokea, ndivyo vinavyosaidia kujua kopo lipi lirudishwe. Letu lilikuwa na jina la msambazaji tu, na tarehe imepigwa kwa wino unaofutika kwa kidole.

Tulikwenda Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kuuliza kama limesajiliwa. Halimo. Safari hiyo ilituchukua asubuhi moja. Tungeweza kwenda kabla ya kutoa laki nane, na hatukwenda.

Tunajua wapo dada watakaosema tunaingilia riziki za watu. Tumeshaambiwa hivyo, na aliyesema ndiye aliyetuletea. Hatusemi kila kopo ni sumu. Vidonge vya foliki vya kliniki navyo ni virutubisho, na tunamsihi kila mwenye mimba avimeze. Tofauti ni kwamba vile vina kipimo kinachojulikana, sababu inayojulikana, na mtu wa kumuuliza. Ukiuza kitu usichoweza kukisoma, wewe si mfanyabiashara bado, ni mchukuzi wa mzigo wa mtu mwingine kwa jina lako. Watu hawakulinunua kwa sababu ya komamanga lile. Walilinunua kwa sababu sisi ndio tuliowapima kiuno na kifua, na hatujawahi kuwaibia hata robo mita. Kuna sura nzima ya Qur'ani iliyobeba jina la wenye kupunja vipimo. Siku zote tuliiona ni ya wauza mchele.

Wateja wote wanne tumewarudishia pesa zao. Kwa mwenye makopo tumekwenda mara mbili. Mara ya kwanza alisema biashara haina kurudisha, ya pili alisema tumuuzie mtu wa Bara. Hatutafanya hivyo, wa Bara naye ana matumbo. Laki nane zimekwenda, na zipu za mwezi uliopita tulizichukua kwa mkopo dukani Darajani.

Binti yule yuko mwezi wa tano sasa na mimba imeonekana, kwa hiyo si siri tena, ila jina lake hatutalitaja. Wiki ijayo anakwenda kupigwa picha ya mtoto, na ametuomba mmoja wetu aende naye. Gauni lake la mimba tumeshalikata, la pamba, tumeuchoma uzi. Muombeeni.